Hakimu akiagiza ripoti ya probesheni: ya kutayarisha nyumbani

Hakimu akisema ripoti ya probesheni iletwe, yaani uchunguzi wa kumsaidia kuamua kama mtu wenu atumikie adhabu nje ya jela chini ya uangalizi, usirudi nyumbani ukakaa kungoja tarehe. Kuanzia saa hiyo kesi iko mtaani kwenu. Ofisa wa probesheni atakuja kuuliza huyu ni mtu wa aina gani, na majibu atayapata kwako, kwa jirani, kwa chifu na kwa yule aliyeibiwa. Sisi tulipewa wiki mbili.

Mimi nauza mahamri na mbaazi Kisauni, Mombasa. Kijana wa marehemu dadangu, nimemlea mimi, alichukua mtungi wa gesi kwenye baraza ya jirani akauuza. Alikuwa na miaka 19. Alikubali kosa, na pesa za dhamana hatukuwa nazo, akapelekwa rumande. Nilipokwenda kumwona aliniambia wanalala ubavu kwa ubavu, mmoja akigeuka wote wageuke. Zaidi ya theluthi ya watu walio ndani ya magereza ya Kenya ni mahabusu, kesi zao hazijaisha. Nilimtazama mtoto wangu nikaona kabisa atatoka pale amejifunza wizi wa kweli.

Jambo la kwanza: asikubali kosa ambalo hakulifanya eti apate kifungo cha nje. Ripoti ni ushauri tu, hakimu hafungwi nayo, na hakuna mtu awezaye kukuahidi matokeo. Wetu alikubali kwa sababu ni kweli alichukua.

Pili, jua mlango gani uko wazi. Wizi wa kawaida, kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu, una kifungo kisichozidi miaka 3. Kosa la namna hiyo linaweza kuingia kwenye Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998: mtu anafanya kazi ya umma bila malipo, kama kupanda miti au kukarabati shule na zahanati, na jioni analala kwake. Probesheni yenyewe ni ya miezi 6 hadi miaka 3 chini ya uangalizi wa ofisa. Hapo hakimu huangalia umri, tabia, mambo ya nyuma, afya, mazingira ya nyumbani na kosa lenyewe lilivyokuwa. Isome tena orodha hiyo. Karibu yote ni mambo ambayo wewe wa nyumbani ndiwe unayeyajua.

Kesho yake asubuhi nenda ofisi ya probesheni, mara nyingi iko karibu na mahakama. Beba nambari ya kesi, uiombe kwa karani. Acha simu mbili na maelezo ya njia. Nyumba zetu hazina nambari, kwa hiyo niliandika: shuka stejini, fuata ukuta wa msikiti, uliza mama wa mahamri. Tayarisha kitambulisho chake au cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, na kadi ya kliniki kama ana maradhi.

Ofisa akija, sema kweli. Hapa ndipo nilipokosea. Aliniuliza kama kijana anavuta bangi, nikasema hajawahi. Akanyamaza, kalamu imesimama. Kumbe alikuwa ametoka kuzungumza na vijana wa bodaboda pale kona. Nilijisikia vibaya sana, nikamwambia yote: alianza lini, na nani, na usiku niliomfungia nje. Akaandika muda mrefu. Baadaye hakimu alipotoa amri, sharti moja lilikuwa kuhudhuria ushauri nasaha kuhusu bangi, na sharti hilo limemsaidia kuliko maneno yangu yote. Majirani nao usiwafundishe la kusema.

Kwa mlalamishi nenda, lakini nenda na mtu mzima anayeheshimiwa. Nilikwenda na kakangu na mzee wa mtaa, baada ya Isha. Hatukumwomba afute kesi wala abadilishe maneno yake. Tuliomba radhi, tukauliza amepoteza nini. Alitaka mtungi na gesi iliyokuwa ndani. Tulikubaliana kulipa kwa awamu tatu, ikaandikwa, ikatiwa sahihi. Alimwambia ofisa kwamba bado ana hasira, lakini analipwa. Hilo lilitosha.

Kisha jibu maswali haya kabla hujaulizwa: atalala wapi, na saa nne asubuhi atakuwa anafanya nini? Kama nyumbani ndipo penye ugomvi, tafuta nyumba nyingine ya ukoo. Sisi tulimpata fundi wa kuchomelea aliyekubali kumchukua, akaeleza hivyo kwa ofisa yeye mwenyewe.

Ripoti hailipiwi. Nje ya mahakama kuna mtu alinifuata akitaka pesa "ailainishe". Nilimpita.

Siku ya hukumu, amri lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa, na yeye mwenyewe aseme yuko tayari kufuata masharti. Asiitikie tu. Kama haelewi, ana haki ya mkalimani bila malipo. Mwambieni wazi pia kwamba akivunja masharti anaweza kurudishwa mahakamani na kuhukumiwa kwa kosa lile lile la mwanzo.

Wetu alipewa mwaka mmoja na nusu. Tarehe za kuripoti nimeziandika kwa chaki nyuma ya mlango. Akitaka kuhama au kubadilisha simu, ofisa ajue kwanza. Mwezi wa tano fundi wake alipata kazi ya mageti Mtwapa, na siku ya kuripoti ilikuwa Jumatano. Badala ya kukosa, alikwenda mapema akaeleza, ofisa akamhamishia Ijumaa. Chaki nikaifuta, nikaandika upya.