SOMO: Kujipanga na kutuliza akili kwenye shabaha (gofu)

Swali ni lilelile kila mara: "Swingi yangu (mzunguko wa fimbo ninapopiga) iko sawa, mbona mpira unakwenda kulia?" Mara nyingi swingi haina kosa, umelenga kulia bila kujua. Naandika mara moja, wengine mtaelekezwa hapa. Maelezo ni ya anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.

1. Simama nyuma ya mpira, uone mpira na shabaha kwenye mstari mmoja.

2. Chagua shabaha ndogo. "Pale katikati" si shabaha. Tawi lililokauka, pembe ya banka (shimo la mchanga uwanjani), hivyo ndivyo vya kulenga. Na jiambie unachotaka: ukisema "nisipige majini", macho yatabaki majini.

3. Tafuta alama ya karibu kwenye mstari huohuo, nusu mita hadi mita 1 mbele ya mpira: kovu la nyasi, doa la udongo. Jack Nicklaus, bingwa wa gofu wa Marekani, alijulikana kwa mbinu hii. Alama ikiwa mbali zaidi, utainua kichwa kuitafuta na faida yake imekwisha.

4. Weka uso wa fimbo (sehemu inayogonga mpira) kwanza, ukingo wa chini uwe mraba na alama hiyo, yaani uitazame moja kwa moja. Wengi hutazama ukingo wa juu, nao unadanganya.

5. Sasa miguu, na hapa ndipo panapoharibika. Miguu, magoti, nyonga na mabega havielekezwi kwenye bendera ya shimo. Vinakwenda sambamba na mstari wa mpira, upande wa kushoto, kama reli mbili. Anayejipanga kwa kuchungulia juu ya bega la kushoto mpaka bega "liguse" bendera huwa ameshageuka kulia kwa digrii kadhaa. Mikono inahisi kosa na kuuvuta mpira kushoto. Siku ikivuta kiasi, unasifiwa. Siku isipovuta, unalaumu swingi. Tahadhari:
– Usikague miguu peke yake. Mabega yana nguvu zaidi juu ya njia ya fimbo. Kwa draiva (fimbo ndefu ya kupigia mbali) mpira uko mbele, karibu na mguu wa kushoto, bega la kulia hufuata na mabega yanafunguka kushoto. Ukiwa mazoezini, laza fimbo mapajani, kisha kifuani, uone inakoelekea.
– Usipange miguu halafu ukageuza uso wa fimbo. Ukihisi kuna kitu hakijakaa, ondoka, rudi hatua ya 1. Kurekebisha ukiwa umeshainama ndiko kunakozaa mipira ya ajabu.
– Digrii 1 ya uso wa fimbo si ndogo: kwa mita 150 ni kama mita 2.6 pembeni. Digrii 5 ni mita 13.

6. Tazama shabaha kwa kuzungusha kichwa, usiinue kidevu. Mara mbili zinatosha.

7. Macho yakirudi kwenye mpira, piga. Ukikawia, mashaka yanaingia na misuli inakaza.

MASWALI

Mpigaji_Mpya: Mimi nalaza fimbo chini kila mpigo, hata mashindanoni. Sawa?
Jibu: Si sawa. Soma Kanuni za Gofu, 10.2b. Ukishachukua msimamo kwa kuifuata, ni mikwaju 2 ya adhabu, au unapoteza shimo kama mnashindana shimo kwa shimo. Kuiondoa baadaye hakukuokoi. Mstari uliochorwa kwenye mpira wenyewe unaruhusiwa.

Draiva_Tu: Nimefanya yote, bado kulia. Somo halisaidii.
Jibu: Unaanzia kulia, au unaanza sawa kisha unapinda?
Draiva_Tu: Unapinda. Kwani kuna tofauti?
Jibu: Kubwa, mkuu. Kuanzia kulia ni somo hili. Kupinda kulia ni uso wa fimbo kuwa wazi (kutazama kulia) kuliko njia yake, au umegonga karibu na kisigino cha fimbo, upande wa mpini. Anza na mshiko.

Bi_Hesabu: Samahani mwalimu, miguu iko kama sentimita 70 tu kutoka kwenye mpira. Kwa mita 150 hiyo si hata nusu digrii. Kwa nini tusilenge bendera tu?
Jibu: Swali zuri sana, dada. Kwa mbali uko sahihi, sentimita 70 zenyewe hazina madhara. Tatizo ni ile tabia ya kuchungulia begani. Lakini ipeleke hesabu karibu na shimo. Mpigo wa mita 20, ni digrii 2. Kuputi (kuusukuma mpira uingie shimoni) mita 2 huku miguu iko sentimita 60 kutoka mpirani, ni karibu digrii 17! Tabia ni moja, ila kwenye grini, nyasi fupi zinazozunguka shimo, ndiko inakokugharimu.

Kimya_Kimya: Akili ikihama wakati wa kuputi?
Jibu: Ipe macho kazi. Kazia nukta moja nyuma ya mpira sekunde mbili hivi, piga, kisha macho yabaki palepale kidogo baada ya mpira kuondoka. Joan Vickers, mtafiti wa macho ya wanamichezo, amelitafiti sana jambo hili.

Kedi_Mzoefu: Niongeze. Vile vialama viwili vya kuanzia shimo msivisimamie mraba, mara nyingi vinaelekea vichakani. Na eneo lile lina kina cha urefu wa fimbo mbili, kwa hiyo rudi nyuma, chomeka kijiti chako cha kuwekea mpira mahali penye kovu la nyasi mbele yake.
Jibu: Kweli kabisa. Kwenye mashimo mafupi makovu yamejaa, chagua unalotaka.