Kupima dawa ya maji nyumba kwa nyumba: kwa mwanafunzi wa afya ya umma aliye nyanjani Nairobi

Mwanafunzi akiletwa kwangu Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, kwa mafunzo ya nyanjani, kazi ya kwanza ninayompa ni kupima klorini, yaani dawa ya kuua viini, katika maji ya kunywa. Kifaa chake kinaingia mfukoni, na jibu unalipata ukiwa bado umeketi na mwenye nyumba.

1. Pita kwa wenyewe. Barua ya chuo ifike ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo, na chifu ajue upo. Kisha mtafute mhudumu wa afya ya jamii. Ana kaya kama 100 mikononi mwake; anajua nani amejifungua juzi na nani hulala mchana kwa sababu anafanya kazi usiku. Tembea nyuma yake.

2. Mlangoni. Mwachie mhudumu apige hodi. Koti jeupe liache ofisini, la sivyo utaitwa daktari na kuletewa mtoto mwenye homa. Sema wazi: “Shikamoo mama, mimi ni mwanafunzi. Naomba ruhusa nipime maji yenu.” Akikataa, shukuru uende.

3. Omba maji kama mgeni mwenye kiu. Hapa ndipo wengi hukosea, nami nilikosea. Nikiwa mwanafunzi nilipima kwenye mfereji (bomba) wa ploti, nikaona rangi nzuri, nikaandika kwamba maji ni salama. Msimamizi wangu aliuliza swali moja tu: “Watoto wanakunywa kutoka wapi?” Niliporudi nilikuta pipa lisilo na kifuniko, na kikombe kinachozamishwa pamoja na vidole. Klorini ilikuwa imekwisha.

Kwa hiyo mwambie mama, “Naomba yale unayompa mtoto,” halafu nyamaza utazame. Ameyatoa kwenye mtungi wa lita 20 au kwenye ndoo? Amemimina au amechota?

4. Pima. Suuza kichupa kwa maji hayo hayo, ujaze hadi alama ya mililita 10. Tia kidonge cha DPD namba 1, kile kinachogeuza maji rangi penye klorini, bila kukigusa kwa vidole, kiponde, kisha linganisha rangi na zile za kifaa papo hapo kwenye mwanga wa mchana, maana ukichelewa usomaji unapotea. Waridi ni dalili ya klorini. Maji yakibaki meupe, hakuna kinga. Nyumbani tunataka angalau miligramu 0.2 kwa lita. Maji uliyopimia yamwage, yasinywewe.

5. Jibu litolewe pale pale. Usiondoke na rangi ya watu kwenye daftari. Mwonyeshe mama kichupa. Kama hakuna klorini, zungumzeni sababu: huenda maji yalikuwa na tope, na tope hula dawa, hivyo yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Huenda hakusubiri dakika 30 baada ya kutia dawa. Au mtungi ni safi na shida ni kikombe. Usimkaripie, maji hayo ameyanunua kwa pesa yake na kuyabeba mgongoni.

6. Andika jioni ile ile. Namba ya kaya, chombo, saa, kiwango. Majina ya watu yasiingie kwenye ripoti ya chuo.

Baada ya siku tatu rudi na mhudumu yule yule, mpime maji tena kutoka kikombe kile kile.