Somo: Kuandikia jarida la teknolojia ya wanunuzi, kuanzia mizani hadi meza ya mhariri

Wengi walioniomba somo hili huanza kwa kuuliza anwani ya mhariri, ilhali anwani ndicho kitu cha mwisho. Mhariri wa jarida la wanunuzi wa simu, redio na taa za sola hachoki kupokea makala zilizonakiliwa kutoka kwenye boksi la bidhaa. Anachokikosa ni kipimo cha mtu aliyekaa na kifaa. Makala yangu ya kwanza ilirudishwa kwa swali moja tu, kwamba nilikaa na simu ile siku ngapi, nami nilikuwa nimekaa nayo alasiri moja.

Hatua ya kwanza ni kusoma matoleo kadhaa ya jarida lenyewe, ili usipendekeze kilichokwisha kuandikwa.

Hatua ya pili ni kuchagua swali moja la mnunuzi, si kifaa kizima.

Hatua ya tatu ni kupima, na hapa ndipo makala inapopatikana au kupotea. Katika eneo la biashara la Makoroboi, hapa Mwanza, nilinunua pawabenki (betri ya kubeba ya kuchajia simu) iliyoandikwa miliampea-saa 20,000, yaani kiasi cha chaji inachobeba, nikaipeleka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, nikamwomba muuza dagaa mmoja aiweke kwenye mizani yake ya kidijitali: gramu 130 pamoja na ganda. Seli (betri ndogo ya ndani) ya mviringo ya aina ya 18650, ambayo hutumika sana katika pawabenki, ina uzito wa gramu 45 hivi, na hata zilizo bora hubeba takriban miliampea-saa 3,500; kwa hiyo 20,000 zinahitaji seli sita, yaani gramu 270 kabla hujahesabu ganda wala saketi. Nilipomweleza hesabu hiyo, muuza dagaa alisema hapohapo kwamba humo ndani hamna zaidi ya seli mbili.

Hata pawabenki ya kweli inahitaji maelezo. Miliampea-saa 10,000 za kwenye lebo huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli, sawa na wati-saa 37, lakini tundu la kawaida la kuchajia hutoa volti 5, ambazo kwa wati-saa hizohizo ni miliampea-saa 7,400, na sehemu nyingine hupotea kama joto. Msomaji anayekwenda kukaa siku tatu kisiwani anapaswa kujua kwamba simu yake yenye betri ya 5,000 haitajaa mara mbili.

Hatua ya nne ni pendekezo: aya moja inayotaja swali, ulichopima, kwa siku ngapi, na picha ulizopiga mwenyewe. Usiambatanishe makala nzima kabla hujaombwa. Ukiandikia jarida la kuchapishwa, kumbuka kwamba bei ya leo inaweza kuwa imebadilika toleo litakapotoka, hivyo taja mwezi uliponunua. Kwenye blogu unaweza kurekebisha, mradi sahihisho lionekane wazi.

Hatua ya tano, ambayo wengi huiruka kwa aibu: kama duka lilikupa kifaa bure, sema katika aya ya kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Nyegezi: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi simu, uandishi wangu si mzuri. Je, nina nafasi?

Jibu: Marahaba. Unayo kuliko wengi, kwa kuwa mhariri anaweza kunyoosha sentensi zako lakini hawezi kuona kinachopita mezani pako. Andika kwenye daftari, kwa mwezi mmoja, kila tundu la chaji unalobadilisha na sababu yake. Hiyo tayari ni nusu ya makala.

Mwanachama wa Ukerewe: Naweza kupeleka kazi moja kwa majarida mawili?

Jibu: Pendekezo unaweza, ukiwaambia wote wawili; lakini makala iliyokubaliwa, hapana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inakulinda tangu unapoandika, bila kusajili, lakini mkataba unaweza kuihamisha haki hiyo, kwa hiyo usome kabla ya kusaini.

Mwanachama wa Igoma: Mizani ya Mwaloni inasoma gramu tano tano. Inatosha kweli?

Jibu: Kwa kutofautisha 130 na 270 inatosha, nawe utaje hivyo ndani ya makala. Nenda asubuhi kabla wateja hawajajaa, na ununue dagaa angalau sado (kopo la kupimia) moja. Mimi mara ya kwanza nilikwenda mikono mitupu, nikasubirishwa hadi saa sita mchana.