Somo: Jinsi ya kuchagua ndege kubwa ya rimoti ya petroli kwa ajili ya sarakasi za angani

Wakuu habari za muda huu. Naona wengi mmeshazizoea zile ndege za povu za betri na sasa mnalitaka lile dude lenyewe, la petroli, bawa mita mbili na kitu, likipita chini chini unasikia kifua kinatetemeka. Mimi narushia huku Texas kwenye klabu, na kitu kinachoniuma ni kwamba karibu kila anayeingia anachagua kwa picha. Ameona Extra (aina ya ndege ya sarakasi) nyekundu imepakwa rangi vizuri, anaagiza, halafu gari, kiwanja, injini, hela, vyote anavilazimisha viifuate ile picha. Msimamo wangu ni huu: anza na gari lako na kiwanja chako, ifuate saizi, zifuate sevo (vile vimota vinavyosukuma mabapa ya ndege), na jina la ndege liwe la mwisho kabisa.

Tuelewane kwanza "kubwa" ni ipi. Chama cha IMAA cha Marekani kinahesabu ndege ya bawa moja kuwa kubwa kuanzia inchi 80 (kama sm 203) toka ncha hadi ncha, na zile zenye mabawa mawili yaliyopandana kuanzia inchi 60. Na huu ukubwa haukuja kwa fasheni tu, mwaka 1974 William Bennett, mwenye hoteli na kasino ya Circus Circus kule Las Vegas, alianzisha mashindano ya Tournament of Champions yenye zawadi nono, na kadiri miaka ilivyoenda ndege zikawa zinakua tu, maana kubwa inaonekana vizuri toka mbali, upepo mdogo hauiyumbishi na mwendo wake unafanana na wa ndege ya kweli. Mashindano yenyewe yaliisha 2002 ila ndege zake ndo mababu wa hizi tunazonunua leo.

HATUA YA 1: Pima gari, kisha kaangalie kiwanja

Chukua futi kamba, toka nyuma ya dashibodi mpaka mlango wa nyuma, viti vimelazwa. Mabawa yanachomoka, yanakaa kwenye bomba la kaboni au aluminiamu linalopita kwenye mwili wa ndege, kwa hiyo bawa sio tatizo. Tatizo ni mwili. Ndege ya 50cc (cc ni ujazo wa injini) mwili wake unazunguka mita 2 na kidogo, ya 100cc unakaribia mita 2.5, na hapo gari dogo limeshagoma, unaanza kutafuta pikapu au trela. Ndege ambayo kuibeba ni kazi huwa hairushwi, inakaa gereji inakula vumbi.

Kiwanja: majani yawe mafupi, njia ya kushukia isiwe na miti wala waya, na nyumba ziwe mbali. Kelele msiichukulie poa, kuna klabu zimepoteza viwanja kwa sababu ya majirani kulalamika. Hapa Marekani pia kuna mambo ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga, unafanya mtihani wa usalama unaoitwa TRUST (ni bure), ndege yoyote inayozidi gramu 250 unajisajili na kuibandika namba, na wengi tunarushia chini ya AMA, chama cha warusha ndege za rimoti, ambacho ndege ikizidi pauni 55, yaani kilo 25 hivi, inataka utaratibu wake maalumu. Hizi tunazoongelea leo haziufikii huo uzito.

HATUA YA 2: Chagua saizi ya injini

Soko limejigawa lenyewe. 30cc hadi 35cc bawa inchi 73 hadi 78 hivi. 50cc hadi 60cc bawa inchi 85 hadi 91, uzito kilo 7 mpaka 8 na nusu. 100cc hadi 120cc bawa inchi 100 hadi 107, kilo 11 hadi 13. Juu ya hapo kuna 150cc mpaka 200cc, mabawa yanafika mita 3 na zaidi, hayo tuwaachie wanaoshindana.

Ushauri wangu bila kuzunguka: nunua ya 50cc. Ya 30cc inaonekana rahisi lakini mara nyingi ni nzito ukilinganisha na bawa lake, kwa sababu injini ya petroli ina vikorokoro vyake (moduli ya cheche, betri yake, eksozi, tenki) ambavyo havipungui uzito sana hata ndege ikipungua. Ya 50cc inavibeba vyote hivyo vizuri, inatumia silinda moja, propela ya inchi 22 au 23, tenki la nusu lita linakupa dakika 10 hadi 12 za kucheza kwa nguvu, na bado inaingia kwenye gari la familia. Ya 100cc inaruka vizuri zaidi, sikatai, silinda mbili zinatazamana na mtetemo unakuwa mdogo, ila kila kitu kinapanda bei kwa pamoja, sevo, propela, mafuta, usafiri.

Kampuni za injini: Desert Aircraft ya Tucson, Arizona (DA-50, DA-100, DA-120 na kuendelea) inasifika kwa kudumu na huduma, bei iko juu. DLE ya China (DLE-55, DLE-55RA, DLE-111) inauzwa chini zaidi na vipuri vinapatikana kirahisi, watu kibao wanairushia miaka. Hiyo RA maana yake eksozi inatokea nyuma, inakaa vizuri ndani ya pua nyembamba, lakini hakikisha ndege unayoitaka imetengenezwa kuipokea.

HATUA YA 3: Sevo na umeme, hapa ndo pesa iende

Hapa naomba msome taratibu. Ndege ya sarakasi ina mabapa makubwa mno: eleroni za kwenye mabawa, eleveta ya mkia, na lile bapa la wima la nyuma. Kwenye michezo ya 3D (ile ya polepole, ndege inaning'inia kwa nguvu ya propela) yanafunguka mpaka nyuzi 45 na zaidi, upepo unayasukuma yarudi, na anayebishana na huo upepo ni sevo peke yake. Sevo ikishindwa, bapa linarudi nyuma au linaanza kutetemeka, na likitetemeka kwa kasi linaweza kung'oka hewani ndani ya sekunde chache. Kwa ndege ya 50cc nguvu ya sevo isishuke chini ya kilo-sentimita 20, gia za chuma, za dijitali. Kwa 100cc anzia kilo-sentimita 30, na bapa la wima lipe yenye nguvu kuliko zote. Ya 50cc utahitaji sevo 5 kubwa (eleroni 2, eleveta 2, bapa la wima 1) na moja ndogo ya kabureta. Ukizijumlisha zinaweza kufikia bei ya ndege yenyewe, kwa hiyo ukipanga bajeti anza kuandika sevo, kinachobaki ndo ununulie ndege. Mtu akikuambia chukua ndege kubwa zaidi halafu sevo utabadilisha baadaye, usimsikilize.

Mikono ya sevo iwe ya aluminiamu, na fimbo za kusukumia ziwe na boli pande zote. Betri za risiva (kile kifaa cha ndani ya ndege kinachopokea mawimbi ya rimoti) weka mbili, kila moja na swichi yake na waya wake, moja ikifa nyingine inakurudisha chini. LiFe (aina ya betri za lithiamu) za volti 6.6 ni tulivu na zinatosha, ukitumia za volti 7.4 hakikisha sevo zako zinakubali huo umeme. Cheche ya injini iwe na betri yake au kifaa cha kuitenganisha, pamoja na swichi ya kuizima toka kwenye rimoti. Hii swichi ni LAZIMA, kabureta ikikwama wazi ni hiyo tu itakayokuokoa. Halafu weka mpangilio wa dharura kwenye risiva kwamba mawimbi yakipotea injini ishuke au izime.

HATUA YA 4: Sasa chagua ndege

Karibu zote ni nakala za ndege za kweli. Extra 300, kazi ya Mjerumani Walter Extra, haina makuu, inafanya unachoiambia na inatua vizuri, kwa mtu wa kwanza mimi nampa hii. Edge 540 ya kampuni ya Zivko ya Oklahoma inajiviringisha kwa unyoofu mzuri sana na kwenye 3D iko vizuri. Yak-54 na Sukhoi za Urusi, wengi wanazipenda kwa kwenda polepole pua ikiwa juu. Laser ni ya usahihi zaidi. Tofauti zipo lakini ni ndogo kuliko watu wanavyobishana, ndege nyepesi yenye sevo nzuri itaishinda ndege ya jina kubwa iliyojazwa uzito.

Ukifikiria mashindano ya IMAC, klabu ya sarakasi za ndege za rimoti, kuna madaraja matano toka Basic mpaka Unlimited, na Basic unaingia na ndege yoyote ile, kwa hiyo usisubiri ndege kamili ndo uanze.

Angalia na mambo haya: ubao wa mbele unaoshika injini umegundishwa imara kiasi gani, mtengenezaji ana mabawa ya akiba (bawa moja likivunjika usinunue ndege nzima), na pua ina njia ya hewa. Hewa ya kutokea iwe na nafasi mara mbili hadi tatu ya ile ya kuingilia, la sivyo injini inachemka hata kama mbele kuna tundu kubwa.

HATUA YA 5: Siku ya kuwasha

Fuata kitabu cha injini kwenye kuchanganya oili, wengi wanaanzia 30 au 32 kwa 1. Kwa 32 kwa 1 lita 5 za petroli zinakula kama ml 156 za oili ya tu-stroku. Propela ya inchi 22 haina huruma, ndege ifungwe kamba au ishikwe na mtu mkiani, na hakuna kusimama usawa wa propela, si mtoto si mkubwa. Propela ya mbao kaza boli zake tena baada ya mizunguko ya kwanza, mbao inajibana.

Karibuni kwa maswali.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Nairobi: Boss asante kwa somo. Huku tuko juu kama mita 1,700, hiyo 50cc itakuwa na nguvu kweli?

Jibu: Itapungua mkuu, hewa ni nyepesi kwahiyo tegemea kupoteza kama asilimia 15 ya nguvu ukilinganisha na pwani, na mabawa nayo nguvu yake ya kubeba inapungua kwa hiyo utatua kwa kasi kubwa zaidi. Fanya hivi, chagua ndege nyepesi kuliko zote za saizi hiyo, au weka injini ya 60cc kwenye ndege inayokubali 50 hadi 60. Kabureta itakuwa inamwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyopo inavyohitaji, funga ile sindano ya H (ya mwendo wa kasi) kidogo kidogo, robo ya robo mzunguko, huku unasikiliza, usiikaushe, yaani usipunguze mafuta kupita kiasi. Na kabla ya kuagiza chochote waandikie KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, huko kwenu ndege za bila rubani zina vibali vyake hata kuingiza tu.

Mdau wa Mwanza: Kaka mimi nimerusha ya povu miezi kadhaa, naweza kuruka moja kwa moja kwenye 50cc?

Jibu: Nijibu haya kwanza. Unaweza kuirusha ikiwa chali mizunguko miwili bila kupoteza kimo? Unaweza kutua na upepo wa ubavu? Injini ikizima ikiwa mbali unajua pa kuileta? Kama yote ni ndio, twende, tena kubwa inaonekana vizuri kuliko ya povu. Kama bado, kaa na simuleta, ile programu ya kompyuta ya kujifunzia kurusha, pale ukianguka unabonyeza kitufe tu. Siku ya kwanza weka mabapa yafunguke kidogo na ekspo (mpangilio wa rimoti unaolainisha mwitikio wa vijiti) ya kutosha, 3D itakuja. Na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania, ndo wa kuulizwa kibali huko nyumbani, hawa jamaa kilo 8 hawaioni kama midoli, na wako sahihi.

Mdau wa Muscat: Ndugu yangu, kwa nini nisichukue ya umeme ya saizi hiyohiyo? Kelele hakuna.

Jibu: Ni chaguo zuri kabisa kama majirani wako karibu. Lakini hesabu: ndege ya saizi ya 50cc inataka betri za seli 12, unapata dakika 5 au 6, na ukitaka kurusha asubuhi nzima unahitaji seti kadhaa na chaja kubwa. Betri zenyewe zinachoka. Petroli unajaza unaendelea. Na kwa joto la kwenu usiache betri za lipo (lithiamu) ndani ya gari, hiyo kwa usalama wa familia.

Mdau wa Dar: Na joto letu na unyevu je? Nasikia ile plastiki ya juu inakunjamana.

Jibu: Inakunjamana ndio, ni utando unaobanwa kwa joto juu ya mbao ya balsa, jua likikaa inalegea, rangi nyeusi na bluu iliyoiva ndo zinaumia zaidi. Chukua yenye rangi nyeupe au njano kwa wingi, nunua mifuko ya mabawa yenye upande wa kung'aa, na pasi ndogo ya kunyooshea. Anza na moto mdogo, ukizidisha gundi inaachia kwenye viungo. Na usiinyooshe bawa upande mmoja tu, litapinda.

Mdau wa Nairobi: Swali la mwisho boss. Nimepata DLE-55 iliyotumika, muuzaji yuko Marekani, kuna mjomba anakuja Disemba. Ataweza kuibeba?

Jibu: Hapo kuwa makini. Injini iliyoshaguswa na petroli mashirika ya ndege wanaihesabu mzigo wa hatari, harufu tu inatosha kuikataa, na usimuweke mjomba kwenye matatizo uwanjani. Mpya kabisa kwenye boksi lake ina nafuu lakini bado aliulize shirika lake mapema, apate jibu la maandishi. Kama unaitaka ileile iliyotumika, itumwe kwa mizigo na ielezwe ilivyo. Na kabla ya kulipa mwambie muuzaji akutumie video: aizungushe kwa mkono injini ikiwa baridi, swichi ya cheche imezimwa, tuone mgandamizo, atikise propela juu chini tuone kama beringi zina mchezo, atoe plagi aioneshe rangi, kahawia ya kawaida ndo tunayoitaka. Akikataa kutuma video, tafuta nyingine.