Kuandaa Kompyuta ya Kutengenezea Tovuti kwa Bando Dogo

Maelekezo mengi ya kutengeneza sura ya mbele ya tovuti, yaani ile sehemu ambayo mtumiaji anaiona na kuigusa, yameandikwa kana kwamba intaneti haina bei wala umeme haukatiki. Kwa kijana wa Mtwara, Masasi au Nachingwea anayenunua bando kwa fedha yake, jambo la kwanza ni kuiandaa kompyuta ili upakuaji mzito ufanyike mara moja, kisha kazi iendelee hata bando likiisha. Mfano tutakaoutumia ni ukurasa wa kuwaonyesha wakulima wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha msingi cha wakulima, bei za korosho zilizofikiwa mnadani.

Utahitaji programu tatu: Node.js, Git inayotunza kumbukumbu ya kila hatua ya kazi yako, na kihariri cha msimbo kama Visual Studio Code. Node.js, iliyotolewa mwaka 2009, huiwezesha kompyuta kuendesha JavaScript, lugha ya kuandikia msimbo wa tovuti, nje ya kivinjari, na huja pamoja na npm, ambayo kazi yake ni kuleta vifurushi vya msimbo vilivyoandikwa na watengenezaji wengine. Chagua toleo lenye alama ya LTS, ambalo namba yake huwa shufwa na huhudumiwa kwa muda mrefu. Vite, zana tutakayoitumia kuanzisha na kuendesha mradi, katika toleo lake la 7 kwa mfano inadai Node.js 20.19, au 22.12 na kuendelea. Faili za usakinishaji zitunze kwenye flashi, kwa sababu mwenzako naye atazihitaji na hakuna haja ya kuzilipia bando mara ya pili.

Baada ya kusakinisha, fungua dirisha la amri na uandike "node -v", kisha "npm -v". Kila amri inapaswa kujibu kwa namba ya toleo. Kwenye Windows, dirisha la amri la PowerShell likikataa npm kwa maelezo kwamba haliruhusiwi kuendesha hati (script), tumia lile la Command Prompt, na tatizo hilo halitajitokeza.

Sasa andika "npm create vite@latest bei-korosho", uchague React (maktaba ya msimbo ya kujengea kurasa) na JavaScript, uingie kwenye folda hiyo kwa "cd bei-korosho", halafu uandike "npm install". Hapa ndipo bando linapoliwa, kwa kuwa folda ya node_modules hujazwa maelfu ya faili. Hata hivyo, npm huweka nakala ya kila kifurushi ilichopakua katika akiba yake ndani ya kompyuta, na kwa hiyo katika mradi unaofuata utaandika "npm install --prefer-offline" ili ichukue kwanza kilichopo na kupakua pungufu tu. Usifute akiba hiyo kwa sababu tu umesoma mahali kwamba kuifuta hutibu kila hitilafu. Vilevile usihamishe node_modules kutoka Windows kwenda Linux, kwa kuwa baadhi ya vifurushi hujengwa kwa ajili ya mfumo mmoja pekee.

Amri "npm run dev" huwasha seva iliyo ndani ya kompyuta yako, na ukurasa utaupata kwenye http://localhost:5173. Badilisha neno moja katika src/App.jsx, uhifadhi, na utaliona likibadilika kwenye kivinjari papo hapo. Kisha fanya jaribio ambalo kwangu lina uzito kuliko yote: zima intaneti kabisa na uufungue ukurasa upya. Herufi zikibadilika sura au picha zikitoweka, ujue kuna kitu kinachovutwa kutoka mbali. Fonti ya Inter, kwa mfano, isakinishe kwa "npm install @fontsource/inter" badala ya kuiunganisha kwa kiungo cha nje. Bei za majaribio nazo ziweke kwenye faili la src/bei.json hadi seva halisi iwe tayari.

Mkulima wa Tandahimba ataufungua ukurasa huu kwenye simu, si kwenye kompyuta, hivyo uupime kwenye simu tangu mwanzo. Washa hotispoti ya simu, unganisha kompyuta, andika "npx vite --host", kisha fungua kwenye simu ile anwani utakayoonyeshwa, ambayo mara nyingi huanza na 192.168 au 10. Mawasiliano hayo ni kati ya simu na kompyuta tu, wala hayali bando. Windows ikiuliza kama iruhusu Node.js kwenye mtandao, kubali. Ukikataa, simu haitafika.

Kwa kuwa umeme hukatika, washa Auto Save katika kihariri, na kila hatua inayofanya kazi uihifadhi kwa Git: "git init" mara moja, halafu "git add ." na "git commit" kila unapokamilisha jambo. Git haihitaji intaneti mpaka utakapotuma kazi kwenye seva ya mbali. Kiolezo cha Vite kimekwisha kuizuia node_modules isiingie kwenye Git, lakini hakilizuii faili la mipangilio la .env, kwa hiyo mipangilio ya kompyuta yako iweke katika .env.local, ambalo kinalizuia. Nywila usiiweke katika kigezo (variable) chochote kinachoanza na VITE_, kwa sababu kila kigezo cha namna hiyo kinachotumika katika msimbo husomeka na yeyote anayefungua ukurasa.