Kurejesha toleo la zamani la faili bila kufuta kazi ya mwenzako

Wakuu, tuchukue mfano huu. Jana jioni ratiba ya mradi, faili mnayoitumia pamoja mtandaoni, ilikuwa sawa. Leo asubuhi mtu kaifungua, kafuta safu nzima ya tarehe, kahifadhi. Baadaye mwingine kaongeza majina ya wahusika bila kugundua. Msianze kuandika upya, toleo la jana bado lipo.

Hatua ya 1: Waombe wenzako wasiiguse faili kwa muda. Wengi wanairuka hatua hii, matokeo yake mmoja anarejesha huku mwingine anaandika.

Hatua ya 2: Bofya nukta tatu kando ya jina la faili, fungua historia ya matoleo. Kila toleo lina tarehe, saa na jina la aliyehifadhi.

Hatua ya 3: Hapa tulieni. Kabla ya kurejesha, pakua toleo la jana, lifungue kando ya la sasa, linganisha. Tarehe utazikuta, lakini majina yaliyoingizwa leo hayamo. Ukilirejesha zima zima, unaokoa kazi ya mmoja na kuondoa ya mwingine. Kilichoharibika ni safu moja, basi nakili safu hiyo tu uibandike kwenye faili ya sasa. Kwangu mimi hii ndiyo njia ya kujaribu kwanza, siku zote.

Hatua ya 4: Kama faili yote imevurugika, rejesha. Kwenye SharePoint (hifadhi ya faili ya Microsoft ya mtandaoni), toleo la zamani linawekwa juu kama toleo jipya, na yale ya kati yanabaki kwenye orodha. Kwa hiyo ukikosea unaweza kurudi.

Hatua ya 5: Andika kwenye maoni ya kazi husika umerejesha nini na kwa nini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mbona mimi historia siioni?
Huenda umepewa ruhusa ya kusoma tu. Kwenye Google Docs lazima uwe na ruhusa ya kuhariri. Muombe mwenye faili.

Matoleo yanakaa muda gani?
Inategemea programu. Google Drive, kwa faili za kupakia kama PDF na picha, inaweza kufuta toleo la zamani baada ya siku 30 au yakifika matoleo 100. Toleo muhimu, kwa mfano lililosainiwa, liwekee alama ya kuhifadhiwa daima.

Sisi kila wiki tunapakia ratiba mpya, "ratiba_mwisho", "ratiba_mwisho2". Historia inaonyesha toleo moja tu.
Jina jipya ni faili mpya, na historia inaanza upya. Tumieni jina moja, na mabadiliko yapakieni kama toleo jipya la faili ileile. Kiungo mlichowatumia watu nacho hakitabadilika.

Na faili yenyewe ikifutwa?
Angalia kwenye tupio. Google Drive inaitunza siku 30, SharePoint siku 93. Mara nyingi inarudi na matoleo yake.