Kurudia Pikipiki Ukishapita Hamsini, Tena Pikipiki Kubwa

Pikipiki yangu ya kwanza haikuwa mali yangu. Ilikuwa Yamaha AG100 ya kazini, nilipokuwa afisa wa kilimo wa nyanjani Magarini, pwani ya Kenya. Kwa miaka saba niliiendesha Marafa, Baricho na Adu, kiangazi na masika, hata zile mvua za El Niño za mwaka 1997, ambapo siku nyingine niliisukuma kuliko nilivyoipanda. Baadaye nikahamishiwa ofisini, nikanunua gari, na kwa miaka 21 sikushika tena klachi ya mkono. Nilipostaafu mapema, nikiwa na miaka 51, nilinunua Honda CB500X ya mwaka 2016.

Namwandikia mtu aliye kama mimi: uliwahi kuendesha, ukaacha, watoto wamekua, na moyo umerudi palepale. Wengi watakuonya kwamba umesahau. Mimi nakuonya kwamba unakumbuka. Mikono inakumbuka vizuri kabisa, ila pikipiki inayoikumbuka ni nyingine. Ile AG ilikuwa na uzito wa kilo 100 hivi na nguvu za farasi kama 10. Hii Honda ina cc 471, inakaribia kilo 200, na nguvu zake ni farasi 47. Kule nilizungusha mafuta mpaka mwisho ndipo ikubali kupanda kilima cha Marafa. Huku ukizungusha hivyo, hujameza mate mara mbili umeshafika kilomita 80 kwa saa, na mbele yako kuna tuktuk inayokata kona bila indiketa kwa sababu abiria amepunga mkono.

Tuanze na kununua. Usiwashe injini kwanza. Chuchumaa, uangalie tairi. Muuzaji wangu wa Mombasa aliniapia kwamba tairi ni mpya, na kweli meno yalikuwa yamejaa. Lakini kila tairi ina maandishi yanayoanza na DOT, na mwisho wake kuna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zangu zilisomeka 3516, yaani zilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2016, pamoja na pikipiki yenyewe. Nikabonyeza raba kwa ukucha, haikubonyea hata kidogo, ngumu kama kwato. Tairi ya namna hiyo haishiki lami, na lami ikilowa ndiyo mbaya zaidi. Alinipunguzia bei, nikafunga tairi mpya hukohuko, na hata hivyo sikuiendesha kuja nayo. Niliilipia pikapu ikaletwa Malindi. Kilomita 120 za barabara ya Mombasa, penye mabasi na matrela, si mahali pa kuanza kujuana na pikipiki usiyoizoea.

Mengine ya kukagua ni ya haraka. Mafuta ya breki yawe angavu, yakiwa meusi kama kahawa yamwagwe. Meno ya sproketi, yale magurudumu madogo yanayoshika cheni, yasiwe yamelala upande mmoja kama pezi la papa. Betri iwe nzima, maana hizi kubwa hazina kiki ya kukuokoa ukikwama. Hakikisha leseni yako ina daraja la pikipiki, na uhamisho wa umiliki ufanyike pesa zote hazijatoka mkononi.

Siku ya tatu tu niliiangusha. Nilikuwa nimejaza tanki lita 17, ambazo ni kama kilo 12 za petroli, tena zote zimekaa juu. Nikasimama kwenye njia ya kutokea kituoni, mguu wa kushoto ukatua kwenye changarawe, ukateleza. Ile AG ningeishika kwa paja. Hii nilijaribu kuizuia, nikasikia mgongo ukilalamika, nikaiachia. Kuiachia ndiko kulikonisaidia. Pikipiki kubwa ikishapita kiasi fulani cha kulala, huirudishi, na ukishindana nayo utaumia wewe. Indiketa ni bei ndogo kuliko uti wa mgongo.

Kuinua kwake kuna njia, nami sasa namfundisha kila anayeniuliza. Zima injini. Ikiwa imelalia kushoto, ingiza gia ya kwanza isije ikabingiria; ikiwa imelalia kulia, fungua stendi kabla hujaigusa, ili ikisimama isipitilize ikaanguka upande wa pili. Zungusha usukani mpaka mwisho kuelekea upande ulioanguka. Sasa igeuzie mgongo. Weka makalio kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja ushike usukani, wa pili ushike chuma cha nyuma, mikono iwe imenyooka. Usivute kwa mikono. Piga hatua fupifupi kurudi nyuma, miguu ndiyo ifanye kazi, kama unavyosukuma mlango mzito kwa mgongo. Mimi si mtu mkubwa, kilo zangu ni 63, na inainuka. Fanya zoezi hili nyumbani, juu ya godoro kuukuu, mtu akiwa karibu. Usingoje kulijaribu Gongoni saa saba mchana.

Mazoezi ya kuendesha niliyafanya barabara ya Silversands, Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, kabla watu hawajaamka. Kila Jumapili kwa wiki sita. Zoezi kubwa lilikuwa breki, kwa sababu huko ndiko mikono yangu ilikoniongopea. Njia za mchanga za Adu zilinifunza kutegemea breki ya nyuma, kwa kuwa ukibana ya mbele mchangani gurudumu linakata, unakwenda chini. Kwenye lami mambo yamegeuka. Ukifunga breki uzito mwingi unahamia mbele, na breki ya mbele ndiyo inayobeba kama asilimia 70 ya kazi ya kukusimamisha. Ukiing'ang'ania ya nyuma peke yake utafika kwenye lori bado una mwendo.

Ibane kama unavyokamua nazi iliyokunwa: kwanza unashika, unasikia imekaa mkononi, ndipo unabana, unazidi kubana. Ukiinyakua ghafla, gurudumu linashtuka kabla uzito haujalifikia. ABS, mtambo unaozuia gurudumu lisijifunge, itakusaidia, lakini mkono wako usiitegemee iwe mwalimu wake. Anza kwa kilomita 30 kwa saa, uongeze hadi 40, kisha 50, ukiweka jiwe pembeni uone unasimama wapi kila mara. Kumbuka kwamba mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa breki unazidi mara nne. Na kwa kilomita 100 kwa saa, ile sekunde moja tu ya kushtuka, kabla mkono haujafika kwenye breki, imekula mita 28.

Kona nilifundishwa upya na kijana wa bodaboda wa stendi ya pale kwetu Maweni. Aliniona nikiingia kwenye shimo lile lile mara mbili kwa wiki. Akanijia kwa heshima, akasema, "Mama, usilitazame shimo. Ukilitazama utaliingia." Nimeendesha tangu kijana huyo hajazaliwa, na hilo sikulijua kwa maneno. Pikipiki inafuata macho. Tazama pale unapotaka kupita, geuza kichwa chote, kidevu kielekee mwisho wa kona. Na pikipiki nzito hailazwi kwa kiuno kama Boxer. Unasukuma mkono: sukuma wa kushoto mbele kidogo, inalala kushoto, sukuma wa kulia, inalala kulia. Lijaribu taratibu kwenye njia iliyonyooka mpaka mkono ukuamini. Kwenye kona ya kulia kaa kushoto kabisa mwa njia yako, kwa sababu ukilala, kichwa chako kinaweza kuvuka mstari wa kati hali magurudumu bado yako upande wako, na trela linalokuja halina pa kwenda.

Kusukuma mkono huko ndiko kulikoniokoa wakati wa kusi, ule upepo wa kusini. Nilikuwa natoka Marereni narudi Malindi, bahari iko kushoto, mbele yangu lori la chumvi limejaa. Nikalipita. Nilipokuwa ubavuni mwake upepo ulikufa kabisa, kwa sababu lori lilikuwa limenikinga. Nikawa nimetulia, nimelegeza mikono. Nilipochomoza mbele ya kichwa chake kusi likanipiga ubavu wa kushoto kwa nguvu zote, likanipeleka kulia karibu na ukingo wa lami. Njia ya mbele ilikuwa tupu, namshukuru Mungu. Nilisukuma mkono wa kushoto, pikipiki ikalala kushoto dhidi ya upepo, ikarudi. Tangu siku hiyo, kuanzia Mei mpaka Septemba, sipiti lori lolote kwenye njia hiyo bila kuliachia nafasi pana, na mkono wa kushoto uko tayari kabla sijatoka kwenye kivuli chake. Daraja la Sabaki vilevile: punguza mwendo kabla ya kulipanda, maana pale hakuna mti wala nyumba ya kuvunja upepo.

Kuhusu mwili, pima macho kabla ya kupima injini. Mimi nilikuwa najidanganya kwamba usiku naona. Taa za gari linalokuja zilikuwa zinaniachia weusi wa sekunde kadhaa, na ndani ya weusi huo mbuzi anatosha, seuze punda. Sasa magharibi haijanikuta barabarani. Helmeti nunua mpya, isiwe ya mitumba, kwa kuwa huwezi kujua imeanguka mara ngapi. Tafuta yenye alama ya ECE 22.06, ambayo ni kiwango cha usalama wa helmeti. Jaketi lenye matundu na pedi linavumilika hata kwenye joto letu. Na dada zangu, dera na leso zikae ndani ya boksi la nyuma. Cheni haijui heshima.

Hiyo cheni nayo ni somo peke yake kwa sisi wa pwani. Cheni ya AG ilikuwa imefunikwa ndani ya boksi la chuma, sikuiwazia. Hii iko wazi, na hewa yetu ina chumvi. Wiki ya kwanza niliiacha nje uani, siku ya nne ikawa na vumbi jekundu la kutu. Sasa kila baada ya kilomita 500, au mara tu nikirudi kutoka njia ya ufuoni, naiosha kwa maji baridi bila presha, naifuta kwa mafuta ya taa na kitambaa, naiacha ikauke, kisha naipaka mafuta ya cheni upande wa ndani huku nikizungusha gurudumu kwa mkono, injini imezimwa. Imezimwa kabisa. Vidole hukatika hapo.

Umbali uongeze kidogokidogo. Mwezi wa kwanza sikuvuka Gede. Wa pili nilifika Kilifi nikarudi siku hiyohiyo, na mikono iliuma siku mbili kwa kukamata usukani kwa woga. Wa tatu nikaenda Garsen. Niliondoka baada ya swala ya alfajiri, lita moja na nusu ya maji mgongoni, dada yangu akijua njia na saa. Nilisimama Marereni kunyoosha mgongo ingawa sikuchoka, nikafika saa tatu kasoro, nikanywa chai, nikakagua cheni na tairi zikiwa bado za moto. Saa nne niligeuza kurudi, kwa sababu mchana upepo unazidi, na kurudi ndiko unakonipiga kushoto.